Ngalawa ya Mtoto Inapogoma Majini: Dalili, Chanzo na Dawa

Ngalawa ndogo nyingi hupinduka kwa sababu zimefanana mno na ngalawa kubwa. Mzazi na mwanawe huiangalia ngalawa ya mita 6 pale ufukweni, wanagawa kila kipimo kwa 10, wanachonga kwa uangalifu, na siku ya kuishusha inalala ubavu kabla haijatembea hatua tatu.

Hesabu yake ni hii. Ukipunguza kila kipimo mara 10, eneo la tanga hupungua mara 100 na uzito wa chombo mara 1,000. Nguvu ya upepo ya kukilaza chombo hutegemea eneo la tanga na kimo chake, kwa hiyo hupungua mara 1,000. Nguvu ya kukisimamisha hutegemea uzito na upana kati ya ndubi, yaani vipande viwili vinavyokaa pembeni mwa mtumbwi kuuzuia usipinduke, na hiyo hupungua mara 10,000. Upepo wenyewe haukupungua hata kidogo. Kwa hiyo nakala halisi ya ngalawa ni nyepesi kupinduka mara 10 kuliko ile iliyonakiliwa. Dawa nyingi zilizomo humu chini zinatokana na hesabu hiyo: tanga liwe dogo kuliko macho yanavyotaka, ndubi ziwe nene na zikae mbali.

Vipimo vyote tutakavyotaja ni vya chombo kimoja. Mtumbwi una urefu wa sentimita 60, upana 7 na kina 7, umechongwa kwa msufi, unene wa ukuta milimita 8. Mirengu, yaani miti miwili inayokatiza mtumbwi, ni ya mwanzi wenye unene wa penseli, kila mmoja sentimita 50. Ndubi mbili zimekatwa kwenye soli ya kandambili kuukuu: urefu 26, kimo 2.5, unene 1.5. Mlingoti ni sentimita 32 na umesimama sentimita 22 kutoka omo, yaani ncha ya mbele ya chombo. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, ni 50. Tanga ni pembetatu: 45 upande wa foromali, 38 ukingo wa nyuma, 32 ukingo wa chini, eneo lake karibu sentimita za mraba 600. Ikiwa kamili, pamoja na farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya gramu 100, ngalawa ina uzito wa gramu 450 hadi 500.

Kabla ya kwenda baharini, jaza karai kubwa au beseni la kuogea mtoto. Nusu ya matatizo huonekana humo humo.

Inalala upande mmoja hata bila upepo

Vua tanga na mlingoti kwanza. Ikisimama wima, kosa liko juu: mlingoti umeinama, au foromali ni nzito na inaning'inia upande mmoja. Ikiendelea kulala, fungua na mirengu. Mtumbwi mtupu ukilala, ukuta mmoja ni mnene kuliko mwingine. Usianze kuchonga ovyo kwa kukisia. Toboa vitundu vya milimita 2 kutoka nje, kina milimita 8 kamili, kimoja kila baada ya sentimita 5, uzibe kwa vijiti vya meno vilivyochovywa wino. Kisha chonga kutoka ndani mpaka wino uonekane, hapo simama. Kazi ya kutafuta wino mpe mtoto; jicho lake huuona mapema kuliko lako. Ukimaliza, tia gundi kwenye vitundu.

Kama mtumbwi mtupu umesimama sawa na unalala baada ya kufunga mirengu, pima ndubi kwenye mizani ya jikoni. Soli iliyokwisha kukanyagwa miaka miwili upande wa kisigino huwa imebonyea, kwa hiyo vipande viwili vya ukubwa mmoja haviwi na uzito mmoja wala havielei sawa. Kata ndubi zote mbili kwenye sehemu ileile ya kandambili, ya kulia na ya kushoto.

Inapinduka upepo ukija

Kila mtu hukimbilia kuongeza farumi chini, na haisaidii kitu. Gramu 100 za nati chini ya mtumbwi ziko sentimita 3 au 4 tu chini ya mahali chombo kinapoelea. Nguvu yake ya kusimamisha ni ndogo mno. Ndubi yenye ujazo wa sentimita 97 za ujazo, ikizama yote, husukuma juu kwa karibu gramu 80, na iko sentimita 24 kutoka katikati. Nguvu hiyo ni zaidi ya mara 5 ya ile ya farumi. Tena farumi ikizidi, mtumbwi unazama zaidi, ndubi zote mbili zinaingia majini kabla ya safari, na akiba uliyokuwa nayo imekwisha.

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu, maana la kwanza ndilo la kawaida zaidi.

Tanga kubwa. Lipime. Likizidi sentimita za mraba 700 kwa chombo cha ukubwa huu, likate. Kata ukingo wa chini, usikate foromali. Hivyo kimo kinabaki na umbo halipotei. Watoto husikitika tanga linapokatwa, basi tengeneza matanga mawili tangu mwanzo, moja la 600 na jingine la 400, ili kubadilisha tanga kuwe sehemu ya mchezo.

Ndubi nyembamba. Ndubi za ngalawa halisi ni mbao bapa zilizoinamishwa, na hubeba kwa sababu maji yanazisukuma juu chombo kinapokwenda kasi. Ngalawa ya sentimita 60 haifiki kasi hiyo. Ubao mzuri uliochongwa kwa uaminifu utazama kama kijiko. Hapa ndipo soli ya kandambili inapoushinda mti. Ukitaka sura ya asili, bandika ubao mwembamba wa milimita 2 upande wa nje na uache soli kwa ndani.

Mirengu inayopinda. Shika mtumbwi kwa mkono mmoja, weka kidole chini ya ndubi, inua polepole. Mrengu ukipinda zaidi ya sentimita moja kabla mtumbwi haujaanza kugeuka, ni laini mno. Mwanzi mkavu wa milimita 7 unatosha. Fito mbichi haifai.

Upepo wenyewe. Kwa tanga la 600, kikomo ni karibu mita 5 kwa sekunde, na dalili yake ni mawimbi kuanza kutoa povu jeupe hapa na pale. Wakati wa kusi kali, mchana wa Julai, hiyo ni hali ya kila siku upande wa wazi wa pwani. Toka asubuhi mapema, au tweka tanga dogo.

Ipo dawa moja ya zamani ambayo mabaharia wenyewe huitumia: mtu hukwea mrengu wa upande wa joshi, ule unaotazama upepo, akakaa huko kama uzito. Kwenye ngalawa ndogo baharia ni nati ya gramu 30 iliyofungwa kwa mpira ncha ya mrengu wa joshi. Inafanya kazi sana kuliko gramu 100 chini ya mtumbwi. Ubaya wake ni mmoja: chombo kikigeuzwa kurudi, baharia lazima ahamishwe upande wa pili. Akisahauliwa, safari ya kurudi ni fupi.

Ndubi inapiga mbizi na ngalawa inazunguka

Upepo unapobana, ndubi ya demani, ile iliyo upande unakoenda upepo, inazamisha pua, chombo kinasita na omo inageukia huko huko. Pua ya ndubi imefungwa chini kuliko mkia wake. Ilaze ngalawa juu ya meza, pima kutoka mezani hadi ncha mbili za ndubi. Pua iwe juu kwa milimita 5. Ichonge kama ncha ya kalamu iliyokatwa kutoka chini, ipande juu ya maji badala ya kuyachimba.

Pima pia kimo cha ndubi chombo kikiwa kimebeba kila kitu. Ngalawa ikisimama wima karaini, ndubi zote mbili ziwe juu ya maji kwa milimita 5. Zikigusa zote, zinaburuta bure. Zikiwa juu kwa sentimita 2, chombo kitabembea kutoka ndubi hii hadi ile, na kila bembea inapiga maji kama breki.

Haishiki njia

Hili ndilo linalowachosha watu, na ndilo lenye raha zaidi kulifundisha. Kuna namna mbili za kukosa njia. Ya kwanza, ngalawa inageukia joshi yenyewe, omo inatazama upepo, tanga linapigapiga, chombo kinasimama. Ya pili, inaukimbia upepo, inageuka kwenda na upepo mgongoni hata kama hukutaka.

Tafuta sehemu mbili. Moja ni kitovu cha mtumbwi majini. Weka ngalawa karaini bila tanga, isukume ubavuni kwa ncha ya penseli, usawa wa maji. Ukisukuma karibu na omo, omo inatangulia. Karibu na tezi, yaani ncha ya nyuma, tezi inatangulia. Mahali ambapo chombo kizima kinasogea ubavu bila kuzunguka, weka alama. Ya pili ni kitovu cha tanga. Kata karatasi ngumu ya umbo la tanga, chora mstari kutoka kila pembe hadi katikati ya upande unaoitazama. Mistari mitatu inakutana mahali pamoja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya peke yake kwa rula, na ataona ajabu kwamba mistari inakutana kweli. Shikiza karatasi kwenye foromali iliyotwekwa, uone kitovu kimeangukia wapi juu ya mtumbwi.

Kitovu cha tanga kiwe mbele ya kile cha mtumbwi kwa sentimita 3 hadi 5. Kikiwa nyuma zaidi ya hapo, tezi inasukumwa na omo inageukia joshi. Kikiwa mbele mno, omo inasukumwa na chombo kinakimbia.

Kwa sababu hiyo usigandishe mlingoti kwa gundi. Kwenye kibao kinachoshika mlingoti toboa mashimo matatu, moja kila baada ya sentimita 1.5, na chini kwenye sakafu ya mtumbwi weka kibao chenye mashimo matatu yanayolingana nayo. Ngalawa ikigeukia joshi, hamisha mlingoti shimo moja mbele. Ikikimbia, rudisha nyuma. Marekebisho madogo fanya kwa kamba: ukilegeza kidogo kamba ya demani, ile inayovuta pembe ya nyuma ya tanga, ugeukaji wa kwenda joshi hupungua, ukisogeza farumi nyuma sentimita 5, vilevile. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja. Ukihamisha mlingoti na farumi pamoja, hutajua kilichotibu.

Kuna mtego. Ngalawa inayokimbia upepo wakati wote ina kosa la tanga. Ile inayokwenda sawa upepo ukiwa mwembamba, kisha inakimbia upepo ukibana tu, mara nyingi haina kosa la tanga: ni ndubi ya demani inaburuta na kuivuta omo upande wake. Ukihamisha mlingoti wa ngalawa hiyo utaiharibu. Rudi kwenye sehemu ya ndubi.

Usukani usiufanye dawa ya haya. Usukani uliopindwa ili kusahihisha tanga ni breki ya kudumu. Uweke katikati, ukazwe kwa mkwaruzo wa mpira ili usijigeuze, na uguswe mwisho kabisa.

Inakwenda ubavu kama kaa

Mtumbwi wa duara hauna cha kushika maji. Ongeza mkuku: kipande cha plastiki ngumu ya ndoo mbovu, urefu sentimita 25, kina 3, kilichopachikwa kwenye mfuo chini ya mtumbwi, katikati. Ukishauweka, rudia jaribio la penseli, kwa maana kitovu cha mtumbwi kitakuwa kimehama.

Inakwenda vizuri upande mmoja tu

Si ugonjwa. Foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti. Upepo ukija kutoka upande wa pili, tanga linabanwa na mlingoti na kugawanyika matumbo mawili. Kwenye chombo kikubwa mabaharia huihamisha foromali kwa kuipitisha mbele ya mlingoti. Fanya vivyo hivyo mwisho wa kila safari: legeza henza, yaani kamba ya kutwekea foromali, simamisha foromali iwe wima, ipitishe mbele, tweka tena. Mtoto akizoea, kazi hiyo haimchukui nusu dakika.

Tanga halijai

Kitambaa kikiwa kizito, upepo mwembamba hauwezi kulifungua. Kiroba cha mchele ni kigumu mno kwa ukubwa huu. Mfuko wa plastiki, uliokuwa tanga la watoto wote wa pwani, umekwisha tangu marufuku ya Kenya ya 2017 na ya Tanzania bara ya 2019, na kusema kweli haukuwa tanga zuri. Ulinyumbuka ukapoteza umbo. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika ndicho bora. Nyuzi zake zikimbie sambamba na ukingo wa nyuma. Ukikata mshazari, ukingo huo utavutika na kupigapiga siku ya pili.

Tanga lililokatwa kwa mstari ulionyooka upande wa foromali huwa bapa kama ubao. Likate kwa mpindo mdogo: katikati ya ukingo huo litoke nje sentimita 1. Likifungwa kwenye foromali iliyonyooka, ziada hiyo inageuka kuwa tumbo. Lifunge kila baada ya sentimita 3, uzi usikazwe mpaka ukatengeneza mikunjo.

Inakunywa maji

Usiitafute tundu ikiwa majini. Ikaushe, ijaze maji ndani, iweke juu ya gazeti. Penye unyevu ndipo penye kosa.

Ufa mrefu wa kwenda na nyuzi za mti, hasa omo na tezi, maana yake gogo lilichongwa likiwa bichi, au moyo wa gogo umebaki ndani ya mtumbwi. Gogo lipasuliwe kwanza, mtumbwi uchongwe kwenye nusu isiyo na moyo. Ufa uliokwisha kutokea upanue kidogo kwa ncha ya kisu, usafishe, ujaze epoksi iliyochanganywa na unga wa msumeno mpaka iwe kama uji mzito, uache saa 24.

Gundi nyeupe ya mbao ya kawaida hulainika majini. Ni kosa la kila siku: kila kitu kinashika vizuri nyumbani, na baada ya nusu saa baharini vibao vinaanza kubanduka. Tumia epoksi, au chupa iliyoandikwa wazi kwamba haiathiriwi na maji.

Kama hakuna tundu wala ufa na bado ngalawa inazidi kuwa nzito, msufi unanyonya. Ipime kabla ya kuishusha na baada ya saa moja. Ikiongezeka zaidi ya gramu 20, rangi haijafunga. Kausha siku kadhaa kivulini. Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta uongezwe thina, sehemu moja kwa tatu za rangi, ili upenye. Mikono miwili mingine bila thina, saa 24 kati ya mmoja na mwingine. Ncha za omo na tezi, ambako nyuzi zimekatwa, zipate mkono mmoja zaidi. Sifa, mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka vyombo, hufanya kazi, ila harufu yake haitatoka chumbani kwa mtoto.

Mtoto ameacha siku ya pili

Hili nalo ni hitilafu, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: kuchonga mtumbwi ni kazi ya siku nyingi za kisu kikali ambacho mtoto haruhusiwi kukishika, kwa hiyo amekaa pembeni akitazama. Anza na chombo cha saa moja. Soli nzima ya kandambili ndiyo mtumbwi. Mlingoti ni chelewa tatu za ufagio zilizofungwa pamoja, kimo sentimita 20. Tanga ni pembetatu ya kitambaa, 15 kwa 12. Chini, pasua mfuo katikati ya soli, chomeka plastiki ya chupa inayoshuka sentimita 5, na ufunge nati ya gramu 20 ncha yake. Bila nati hiyo itapinduka mara moja, na hapo ndipo pa kumwachia mtoto aulize kwa nini. Jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa 2018 lilipambwa ubavuni kwa kandambili kuukuu, kwa hiyo hakuna haja ya kuionea haya.

Baadaye gawa kazi kwa umri. Miaka 5 hadi 7: kupiga msasa, kupaka rangi, kutafuta wino. Miaka 8 hadi 10: kupima, kukata soli kwa mkasi, kufunga mirengu kwa uzi. Kisu, epoksi na kuchimba vitundu vibaki kwa mkubwa mpaka miaka 12 hivi. Farumi iwe nati za chuma. Chubwi za risasi ni sumu, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Imeondoka na hairudi

Funga uzi wa mshipi wa milimita 0.4, mita 30, kwenye mrengu wa mbele pale unapokatiza mtumbwi. Ukifunga kwenye tezi, kila mvuto utaigeuza; ukifunga kwenye ncha ya omo, uzito wa uzi utaivuta pua chini. Uzi ukining'inia majini, chombo hupunguza mwendo, kwa hiyo mshikaji aunyanyue mkono.

Mahali pazuri ni vidimbwi vya maji kupwa ndani ya mwamba, maji ya magoti, viatu miguuni. Usiishushe upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini: mbele yako maji yametulia kama kioo, nje huko hayajatulia, na uzi ukikatika mtoto atalifuata tanga lake bila kufikiri. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, kwenye maji yaliyotuama yenye majani, pana kichocho. Huko ishushe kutoka gatini, mtoto asiingie majini. Uzi ukikatika licha ya yote, usiogelee. Subiri maji yatakapojaa, kisha utazame ufuko wa upande wa demani. Ngalawa iliyopinduka huenda polepole na mara nyingi hutupwa huko huko.